Mtambo wa Mchaichai Nyuma ya Jikoni

Jumanne, 4 Machi 2025

Wacera anaota meno, hatujalala. Lakini moto niliuwasha. Linah, mwenzangu wa biashara, alileta mchaichai, tukaupanga ndani ya pipa juu ya wavu, maji chini, kifuniko tukakiziba na udongo mvuke usitoroke. Mrija unapita kwenye beseni la maji baridi, mafuta yanadondoka kwenye chupa. Basi! Hakuna dawa inayoingia. Hata kuni hatununui sana — makapi ya juzi yakikauka ndiyo yanachemsha ya leo.

Ila tukapata utando tu juu ya maji. Linah akasonya. Sandra wa Kanduyi, anayetununulia mafuta ya sabuni zake, amechoka kungoja.

Mama mkwe alipita hapo bila kusalimia.

Alhamisi, 6 Machi

Sandra amekuja Kiminini mwenyewe. Na jerikeni ya dawa. Ati tuachane na mvuke, tuloweke majani kwenye hiyo dawa, tuchuje, dawa iruke hewani, mafuta yabaki. Mengi! Bila moto, bila moshi. Nikauliza mabaki tutamwaga wapi.

"Huko nyuma tu, Mama Wacera. Si shamba ni lenu?"

Huko nyuma ndiko kisima kiko. Nilifungua nikanusa — kama petroli. Kichwa kikazunguka, na mtoto yuko mgongoni. Nikafunga.

Mama mkwe naye amefurahi! Jerikeni ina lebo, inakaa kama kitu cha watu wenye heshima. Pipa letu linakaa kama mtambo wa chang'aa. Na kusema kweli ndivyo lilivyo. Linah alipewa na shangazi yake wa Cheptais, aliyeokoka akaacha kupika pombe hiyo. Kanisani wameanza kumuuliza Mama kama boma lake limekuwa klabu. Jumapili atakuja na akina mama wenzake wa kanisa walivunje pipa. Tukitaka mafuta, tutumie dawa ya huyo msichana.

Nikaenda kuanika nepi. Ni mama yake Kiarie, mume wangu, na binti yangu ana jina lake. Kiarie kwa simu: ongeeni wenyewe. Asante sana, baba!

Ijumaa, 7 Machi

Linah pia anataka dawa. "Bana, macho yangu yameisha na moshi. Sandra ananunua mafuta, hanunui ukaidi wako."

Nikamwambia tuchemshe mara moja tu, kesho. Ikikataa, abebe jerikeni kwake. Hapa haifunguliwi. Mtoto anatambaa hapa, maji tunachota hapa.

Jumamosi, 8 Machi

Ai! Wacera alitambaa mpaka kando ya pipa. Nilipomuinua, magoti na viganja vilinuka mchaichai — kuliko hata chupa yetu! Nikainama nikanusa udongo. Ndipo Linah humwaga kikombe cha kwanza kila tukichemsha.

"Kwani wewe unamwaga ya kwanza kwa nini?"

Akanishangaa. Ati shangazi alimfundisha: inayotangulia ni sumu, inapofusha, lazima imwagwe.

"Ya chang'aa, Linah! Haya ni majani!"

Akauangalia ule udongo. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe tumekuwa tukipaka siafu manukato!" Nami nikacheka hadi maziwa yakalowesha blauzi.

Tukakinga tangu tone la kwanza. Mafuta ya njano, unene wa kidole! Linah mwenyewe aliifunga jerikeni kwa kamba, irudi kwa Sandra.

Akasema tulifiche pipa kwake leo. Nimefikiri sana. Tukilificha, tumekiri kwamba ni chang'aa.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Wakati wa mahubiri nilikuwa nawasha moto. Mungu ananijua.

Wamekuja, Mama mbele, mama Kinyua ameshika shoka. Mama akauliza, hata Jumapili napika?

"Ndiyo, Mama. Karibuni mnuse."

Mama Kinyua akasema hata chang'aa mtu anaweza kuitilia majani. Wakacheka. Linah akainamisha kichwa.

Nikaweka kuni chini, nikasema. Kwamba boma ni la Mama, na akitaka kulivunja pipa sitamshika mkono. Lakini ile jerikeni haitafunguliwa karibu na kisima anachonywea mjukuu wake, hata tukikosa mafuta kabisa. Nilisema polepole. Sikulia.

Wacera ndiye alilia. Mama akamchukua, akamweka kiunoni, akausogelea mrija.

Nimeingia ndani ati kutafuta chupa. Naandika nimesimama, nachungulia dirishani. Mrija umeanza kudondosha. Shoka bado liko mkononi mwa mama Kinyua. Mama amechutama na mtoto, anakinga kidole chini ya mrija. Nilidhani atanusa — la! Ameweka mdomoni. Amefumba macho. Anaonja taratibu, kama mtu anayejua vizuri sana kitu anachotafuta. Wenzake wote wanamwangalia, naye anatikisa kichwa: si chang'aa.