Homa ya Bi Zuhura

Jumatatu, 16 Juni
Umeme ulikatika alfajiri, jenereta likashika. Jokofu liko sawa. Nimehesabu vichupa vya chanjo mara mbili, kama vile vingetoroka. Wote tuliowachanja wiki jana wamekuja kupimwa, ila Bi Zuhura, mkulima wa mwani wa Utende. Simu hapokei. Sipendi.

Jumanne, 17 Juni
Bodaboda mpaka Utende. Kumbe Bi Zuhura ni kungwi wa harusi ya Jumamosi iliyopita! Yumo fungateni na maharusi, hatoki mpaka siku saba zitimie. Na ana homa. Mama wa bibi harusi kanipa habari hiyo kwa utulivu kabisa, kama ananitajia bei ya nazi. Mwanamume haingii. Nimeomba, nimebembeleza.

"Kungwi atoke kabla ya siku zake? Unataka ndoa ya watu ivunjike?"

Yarabi. Mimi ndiye niliyemchoma sindano. Chanjo ya chikungunya, ile homa ya mbu inayouma viungo, bado ya majaribio, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Tulimpima presha, tukampima uzito, hatukumuuliza kama ana harusi. Bosi wa Dar kasema hachanjwi mtu mwingine mpaka damu yake ipimwe.

Jumatano, 18 Juni
Nimerudi na nesi Asha. Naye kazuiwa: hajaolewa, mambo ya fungate si yake. Mjinga mimi. Mzaliwa wa Kilindoni, kisiwani hapa hapa, nisijue! Asha kanuna. Mimi hasira zimenipanda, nusura niropoke mbele ya wakubwa. Ndipo Bi Zuhura akaita toka chumbani: "Mkono unaweza kutoka. Njooni dirishani."

Pazia likasogea, mkono ukatoka, hina mpaka kwenye kiwiko. Asha kapanda juu ya ndoo, katoa damu. Mimi nimegeukia ukutani na kisanduku changu cha barafu. Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria hana. Asha anasema mkono ulikuwa wa moto sana. Damu imewahi ndege ya jioni ya Dar.

Alhamisi, 19 Juni
Majibu ya Dar bado. Ikiwa ni chanjo, kazi imekufa, na jina langu nalo. Nimesali nikaomba isiwe chanjo. Nikaomba tena.

Ijumaa, 20 Juni
Dengi! Mbu wamemuuma, si sisi. Nimepiga kelele ofisini, nimemkumbatia mlinzi. Halafu nikakaa chini. Mtu anaumwa dengi nami nashangilia. Aibu tupu.

Na dengi huweza kuua hata homa ikishuka. Nimempigia mama wa bibi harusi: anywe maji kwa wingi, asipewe aspirini, akitokwa damu puani au kwenye fizi nipigiwe saa yoyote, na atolewe, fungate au si fungate. "Tumekusikia, daktari." Sina hakika.

Jumapili, 22 Juni
Fungate imekwisha jana. Nimemkuta Bi Zuhura barazani kwake, kakonda, anakunywa uji. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Nilidhani atanifukuza. Kauliza damu imesema nini, nikamwambia. Akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi. Mle ndani nilikuwa nakuombea wewe, isije ikawa sindano yako. Kijana kama wewe, ungeubeba vipi mzigo huo?"

Siku zote zile mimi nilikuwa naiombea chanjo. Nimekaa naye mpaka akamaliza uji.