Nyanya za Rapsu Zimekataa Kuoza

Kinna, Isiolo

Mama Njeri, mke wangu,

Habari za huko kwenye ukungu? Kikohozi cha mama kimepungua? Na Njeri bado analala upande wangu wa kitanda? Mwache tu. Mimi mwili ni mzima, ila upweke umenikalia vibaya.

Unakumbuka kazi iliyonileta. Wakulima wa Rapsu wanavuna nyanya nzuri, lakini joto na barabara huzimaliza kabla hazijafika sokoni Isiolo. Kwa hiyo tunazichovya kwenye maji yenye chembe za nano, ndogo mpaka vumbi ni kubwa mbele yake. Zikikauka huacha utando usioonekana, na nyanya hukawia kuoza. Ofisi ilisema wazi: zikioza upesi, mradi unafungwa nami narudi nyumbani. Zikikaa, naongezewa misimu miwili.

Nikaweka sanduku la nyanya za majaribio chumbani kwangu. Kila asubuhi nilizibonyeza, na Mungu anisamehe, nilikuwa naomba zioze. Wapi! Ngumu, nyekundu, zinanikodolea macho tu.

Juzi narudi kutoka shambani, sanduku tupu. Mama Halima, mwenye nyumba, yuko mlangoni na sufuria.

“Wewe, hii nyanya imekaa hapa mpaka mimi naona huruma,” akasema. “Mwanaume bibi yake iko mbali, nani atapikia yeye? Nimeweka na nyama ya mbuzi. Kula.”

Ningemgombeza vipi? Nikala. Machozi yakanitoka, nikamwambia ni pilipili. Tangu tuagane hakuna mtu aliyekuwa amenipikia.

Nilipomaliza ndipo wazo liliponijia: ushahidi wote uko tumboni. Nikisema zilioza, nani atabisha? Nilishika simu, nikaiweka, nikaishika tena. Lakini nimewaona akina mama wa Rapsu wakimwaga mavuno yao kando ya barabara, yamekuwa uji. Nikasema ukweli. Ofisi imefurahi sana. Nimeongezewa.

Nisalimie mama, dada yangu fundi cherehani, na yule jirani anayetukamulia ng’ombe.

Najua utanisifu. Usinisifu, Mama Njeri. Shule zikifungwa, mchukue mtoto mje. Sitaki kurudi huko nikaamkiwa kama mgeni na binti yangu mwenyewe.

Wako mwenye hamu nawe,
Baba Njeri