Venia Haikukosea

Jumamosi. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi, na roho yangu imechafuka.

Nianze na muuzaji. Nilishuka mjini kununua kalipa, kile chombo cha taya mbili cha kupimia unene, ambacho mafundi wote huku wanakiita venia. Jamaa wa duka akanisukumia ya dijitali. "Madam, hii unasoma tu kama saa. Ni orijino." Nikafunga taya zake, nikaiinua kwenye taa, na mwanga ukapita katikati. Nikapima sarafu moja ya shilingi ishirini mara tatu, ikanipa majibu matatu. Nilipomwonyesha, akasema ni baridi.

Ati baridi. Nkt.

Nikachukua ya chuma, ya mistari, isiyo na betri. Akacheka, akasema hiyo ni ya wazee. Taya zake zilifungana vizuri na ile sehemu ya kusogeza haikucheza. Mtu anayeuza vipimo na hajui kupima, si auze tu njugu.

Shida ni kiti cha magurudumu cha mama. Jumapili iliyopita gurudumu lilichomoka mlangoni mwa kanisa na akina baba wakambeba mzobemzobe, sketi imepanda, watu wakitazama. Tangu siku hiyo anasema atasalia nyumbani mpaka kiti kitulie. Mama yangu bila kanisa hali vizuri wala haongei.

Na bushi ile, yaani pete ya nailoni inayokaa kati ya ekseli na gurudumu, aliiweka Mutua, ndugu yangu mdogo mwenye kibanda cha kutengeneza pikipiki. Alipima kwa kidole gumba akasema iko sawa. Nchi hii itamalizwa na hayo maneno mawili. Niliapa hatagusa kiti hicho tena.

Kwa hivyo leo mchana nilijifungia kwenye stoo yangu hapa Kangemi. Nikapima ekseli, nikapima tundu la gurudumu, nikaandika kila kitu kwa kalamu ya risasi, nikakereza nailoni kwenye mashine yangu ndogo nikifuata namba za mashine yenyewe. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Bushi ikakataa kuingia kwenye ekseli. Kwa nje ikawa nyembamba, ikacheza ndani ya gurudumu.

Nililaumu nailoni. Nililaumu yule jamaa wa mjini kwa sauti, peke yangu.

Mutua akaja kuleta maziwa. Alitazama karatasi yangu, akachukua venia bila kuniomba ruhusa, akaibana kwenye ekseli na kuishika karibu na uso wangu. "Sista, umesoma kwenye ukingo wa hii ya kusogea. Unatakiwa kusoma pale sifuri yake imesimama."

Ni kweli. Ukingo uko nyuma ya sifuri, kwa hivyo kila kipimo changu kilikuwa kidogo kuliko ukweli. Kosa la mtu ambaye hajawahi kushika chombo. Nilikuwa nimemfundisha muuzaji kazi yake asubuhi hiyo hiyo.

Kumbe alifundishwa venia kwenye kozi na anaitumia kwa injini za watu. Kwa kiti cha mama alitumia kidole kwa sababu alikuwa na haraka. Hilo bado namlaumu.

Tulikereza nyingine pamoja. Yeye alisoma, mimi nikakata. Iliingia kwa kusukumwa kidogo tu.

Mama amejaribu kiti kwenye veranda, kwenda na kurudi, na gurudumu halikuyumba hata kidogo. Akalia. Halafu akasema kesho atatoa ushuhuda mbele ya kanisa lote, kwamba Mungu alimpa binti anayejua kupima, maana huyu mwingine anabahatisha tu.

Mutua alikuwa amesimama hapo na kikombe cha chai. Aliangalia chini.

Mimi nikasema amina.

Alipokuwa akiondoka nilimfuata hadi kwenye geti, nikaanza kusema kitu. Akasema, "Wacha tu, Sista, mama amefurahi." Hata huo wema wake ulinikera. Nimedharau watu wengi leo, na aliyestahili zaidi ni huyu anayeandika.

Asubuhi, kabla mama hajafunga kitambaa cha kichwa, lazima nimwambie ni nani aliyesoma kile kipimo. Amina ilinitoka haraka sana. Jina la Mutua litanitoka?