Hodi Tatu za Katana

Jumapili, Mtongwe

Utamu wa huu mchezo wa bunduki ni ukuta. Nabonyeza kitufe, mtu wangu anajibanza. Maadui wakijaza risasi anachungulia, anapiga, anarudi. Ile ya kukimbia wazi uwanjani hainipi raha.

Leo, katikati ya mchezo, Katana kaja. Nilimsingizia wizi kazini, akafutwa. Hodi ya kwanza tu, nikajikunyata nyuma ya kochi.

"Baba, unamwogopa?" binti yangu Kadzo akaninong'oneza. "Hana bunduki huyo."

Mchezoni ukijificha sana wanakutupia bomu utoke. Katana alipiga hodi ya tatu, akasema, "Haya, Baba Kadzo, wasalimie watoto," akaenda zake.

Mungu anisamehe. Kesho naenda kwake. Hata hodi tatu zisipoitikwa, sitaondoka mlangoni.