Maharage Yaliyooshwa

Jumapili, 2 Juni 1985

Lusia alifika jana jioni kwa lori la Marijani, mwenye duka wa Karatu. Ni binti wa mwanangu Patrisi, karani bandarini Dar es Salaam. Miaka kumi na mmoja. Atakaa nasi likizo yote. Patrisi ameandika: "Baba, huyu anadhani mahindi yanazaliwa ndani ya gunia. Nakuomba umfundishe kidogo." Nimefurahi. Nilifundisha shule miaka thelathini na mmoja, na tangu nistaafu wanaonisikiliza ni mbuzi tu.

Baridi kali. Amevaa sweta la bibi yake, linamfika magotini.

Jumanne, 4 Juni

Nimemzungusha shambani. Kwenye samadi aliziba pua. Nikamweleza kwa nini mahindi na mbaazi hukaa pamoja: mahindi hunywa maji ya juu, mbaazi huchimba chini, hazigombani. Akauliza, "Babu, nani aliziambia zigawane?" Swali zuri kuliko jibu langu.

Jioni nilimwekea maharage matatu ya kununua kwenye sahani, juu ya kitambaa kilicholowa. Nikamwambia mbegu ni kitu kilicholala, na maji ndiyo yanayoiamsha.

Ijumaa, 7 Juni

Maharage mawili yametoa mzizi. Lusia anaamka kabla yetu kuyatazama. Ameyachora kwenye daftari, akaandika na saa. Leo hakuuliza siku ya kurudi Dar.

Jumatatu, 10 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi mimi na mke wangu Marsela tulikwenda mazishini, mtoto akabaki nyumbani. Tuliporudi alasiri, uani palikuwa na mkeka, na juu yake maharage yote ya mbegu ya Marsela. Safi. Yanang'aa.

Lusia alitukimbilia. "Bibi, nimeyaosha! Chungu kilikuwa kimejaa majivu. Nimeyaloweka tangu asubuhi ndipo yakatakata."

Majivu aliyaweka Marsela mwenyewe. Mbegu hufukiwa kwenye majivu makavu ili wadudu wasiitoboe hadi msimu ujao. Na chungu cha mbegu nyumbani mwetu ni cha mke. Mimi, katika miaka thelathini na minane ya ndoa, sijawahi kukifungua. Wala sikufikiri kumwambia mtoto asikifungue. Ni jambo ambalo huku haliambiwi mtu.

Maharage haya Marsela alipewa na mama yake alipoolewa. Ya madoa, madogo, hayauzwi dukani. Mwaka huu mvua ilizidi, yakaoza shambani. Tulivuna nusu debe tu. Akaweka yote mbegu, tukawa tunakula ya kununua. Maana yake hayapo mengine, si kwetu wala kwa jirani.

Marsela alivua viatu vya kanisani, akaketi, akaanza kuyagusa moja moja. Yote yamevimba.

Jumanne, 11 Juni

Mbegu iliyokwisha kuvimba hairudishwi kukaa. Ukiikausha inakufa, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Njia ni mbili: jikoni au ardhini. Lakini Juni maharage hayapandwi. Mvua haitarudi hadi Novemba.

Marsela alisema, "Nitayapika. Afadhali tule tukijua tumekula."

Lusia hakugusa uji. Akasema kwa sauti ndogo, "Babu alisema maji yanayaamsha. Basi yameshaamka, Bibi. Tuyapande."

Marsela akanigeukia. Nilikiri. Nilimfundisha mtoto kuiamsha mbegu, sikumfundisha kwamba kuna mbegu inayotakiwa kulala.

"Miaka thelathini na mmoja ya ualimu," alisema Marsela. Kisha: "Haya. Yachukueni wewe na mwanafunzi wako. Mimi nisiyaone."

Tumepanda kando ya mfereji, hatua thelathini kwa thelathini, mahali ambapo maji yanaweza kufika. Jirani yangu Tluway alileta ng'ombe wake na plau. Alicheka mpaka akashika mti. "Mwalimu, Machi nimelima, Novemba nimelima. Juni nalima leo kwa ajili yako. Septemba tutavuna nini, theluji?" Hata hivyo mistari aliinyoosha.

Lusia aliweka mbegu mbili mbili. Nilimwonyesha kina kwa kidole: hadi kiungo cha pili. Kidole chake ni kifupi, hivyo akaingiza chote.

Alhamisi, 13 Juni

Zamu yetu ya mfereji ni Alhamisi na Jumapili, kwa muda wa saa tatu tu kila zamu. Maji yalifika nusu ya shamba. Nusu nyingine tulibeba kwa ndoo, kwa sababu wenye zamu walio juu yetu mferejini walichelewa kufunga maji yao. Lusia alichubuka viganja. Nilimweleza habari za malengelenge na jinsi ngozi inavyokomaa. Akasema, "Babu, leo usinieleze." Nikambebea ndoo.

Jumapili, 16 Juni

Hakuna kitu. Lusia alitaka kufukua moja aangalie. Nilikataa. Marsela anazungumza naye habari za chakula na za kuoga tu.

Alhamisi, 20 Juni

Yameota. Si yote. Lusia amehesabu mstari kwa mstari: kati ya kila mashimo manane, matano yana mche. Nimemwambia kwa baridi hii si haba.

Aliniuliza neno la kuomba radhi kwa Kiiraqw, lugha ya bibi yake. Nikamwambia. Akalirudia njia nzima, akaingia jikoni. Baada ya muda mfupi akatoka. "Amesema sijatamka vizuri."

"Basi?"

"Basi amenifundisha."

Jumanne, 25 Juni

Kwale wameingia alfajiri. Mistari miwili imekwisha, yamebaki mashina kama njiti. Lusia alilia.

Mchana nilimwona Marsela akipita na panga. Sikumfuata. Jioni shamba lilikuwa limezungushiwa matawi ya miiba pande zote nne. Wakati wa kula alisema, akimtazama mtoto na si mimi, "Kwale hawajui likizo. Kesho utafukuza tangu saa kumi na moja."

Kesho yake wametoka wote wawili. Nimeiongeza sentensi hii Jumatano.

Ijumaa, 28 Juni

Majani matatu matatu yamefunguka. Kama maji hayatakatika Julai, tunaweza kurudisha nusu debe, pengine pungufu. Kama yatakatika, ndiyo mwisho wa aina hii. Lusia aliniuliza, nikamjibu hivyo hivyo. Hajazoea kuambiwa "sijui" na mwalimu.

Jumamosi, 29 Juni

Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku la Lusia, kando ya barabara. Lori la Marijani liko hapa tangu saa moja. Atamfikisha kwa shangazi yake Arusha, na kesho atapanda basi la Dar. Mtoto aliomba aende shambani mara moja kuaga. Ni zaidi ya nusu saa sasa.

Nawaona kutoka hapa. Yeye na Marsela wameinama, wanapandishia udongo kwenye mashina. Kwa kanuni ilikuwa isubiriwe wiki moja zaidi. Hakuna aliyeniuliza. Marsela anasema Kiiraqw, mtoto anajibu Kiswahili, na mikono inakwenda.

Marijani amekuja kusimama karibu yangu. "Mwalimu, Arusha haitusogelei. Mwite mjukuu wako."

"Wanamaliza mstari."

"Mmoja?"

Nimeendelea kuandika. Amekwenda kupiga honi. Marsela ameinua kichwa, ametazama huku kidogo, kisha amemwambia mtoto neno. Wamehamia mstari unaofuata.