Hamsini na Saba

Shelui, 4 Agosti 1988

Mpwa wangu Febronia,

Naitangazia familia yote, walio hai na walio safarini, kwamba mjomba wenu Zefania amenunua viatu vya mitumba. Soko limefunguliwa, kila kitu kipo. Vyote viwili ni vya kushoto.

Mtoto Joyce hajambo? Nasikia wazee wamekaa kuhusu ng'ombe wa marehemu baba yako. Wamesemaje?

Mjomba wako

Kinyangiri, 15 Agosti 1988

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima, ila Joyce anakohoa. Pole kwa viatu.

Baba alituambia tugawane sawa, sisi watatu. Kaka Gasto na kaka Lazaro wanasema mimi mwanamke, nitafute mume mwingine. Mzee Mughwai akaamua hivi: siku ya mgawo, tarehe 18 Septemba, ng'ombe wakigawanyika kwa watatu bila hata mmoja kubaki, neno la baba lisimame. Akibaki hata mmoja, tunarudi kwenye mila: wanaume wawili tu. Kuuza mpaka siku hiyo ni marufuku.

Baba hakuwahi kuhesabu ng'ombe, aliwajua kwa rangi. Mimi nimewahesabu mlangoni mwa zizi: hamsini na saba. Wanagawanyika? Bila wangu, maziwa ya Joyce nitawaomba mawifi, na unawajua.

Mpwa wako

Shelui, 22 Agosti 1988

Mpwa wangu,

Salamu kwa wote. Mpe Joyce asali.

Usitoe jasho. Jumlisha tarakimu: tano na saba ni kumi na mbili. Kumi na mbili inagawanyika kwa tatu, basi hamsini na saba nayo inagawanyika. Vigawo vyake ni moja, tatu, kumi na tisa na yenyewe. Mbili haimo, maana inaishia na saba. Kumi na tisa kila mtu! Wape kaka zako pole zangu.

Mjomba wako

Kinyangiri, 1 Septemba 1988

Mjomba, shikamoo.

Joyce nafuu. Mimi sijambo kwa mwili tu.

Barua yako niliwasomea watu wa nyumbani, kama tunavyosoma barua zote. Gasto alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mjomba kasema tano na saba?" Kesho yake dume mmoja akavunjika mguu, akachinjwa. Ati alivunjika akiwa amelala. Nyama niliipika mimi.

Mpwa wako

Shelui, 7 Septemba 1988

Mpwa wangu,

Hii usimsomee mtu. Mzima?

Tano na sita ni kumi na moja. Haiendi kwa tatu. Nimegawa na kwa mkono, nikidhani labda kanuni imechoka: wanabaki wawili. Kaka yako hakwenda shule bure. Hakuna jike mwenye mimba?

Mjomba wako

Kinyangiri, 20 Septemba 1988

Mjomba, shikamoo. Joyce amepona.

Alikuwepo, yule mwekundu. Nililala naye zizini wiki nzima, Gasto asije akamvunja mguu naye. Alizaa asubuhi ya mgawo, wazee wameshakaa. Nilipiga vigelegele. Lazaro akanuna, "Shangilia tu, mama Joyce." Mzee Mughwai akatamka hamsini na saba, akachukua fimbo aanze kutenga.

Wifi akapaza sauti toka zizini: "Ngojeni, bado anasukuma!"

Ndama wote wawili wazima. Gasto na Lazaro wamepata ishirini na tisa kila mmoja.

Mpwa wako