Sukari Nguru Uliyomletea Mama

Senge mpendwa, dada wa baba yangu,

Matanga yako yamenipita. Habari zilinikuta hapa Malaba nilikoolewa, na kwa jinsi tumbo langu lilivyo kubwa, mama mkwe alinikataza kusafiri hadi Matayos. Huko nyumbani wanasema umelogwa. Mimi najua umeuawa na ugonjwa wa sukari, na wewe ulijua.

Hakuna mtoto aliyezaliwa bomani kwetu ambaye hukumpokea. Mama alizaa watoto wakubwa, kila mmoja akimshinda aliyemtangulia, nawe ulikuwa ukimwinua juu na kupiga kelele, "Hii ni ndume!" Kisha unafungua sukari nguru kutoka kwenye majani makavu ya mgomba, unaiponda kwa jiwe, unamkorogea mama uji wa wimbi. Vipande vilivyoruka vilikuwa vyangu. Nilikupenda sana, Senge. Nilidhani ukiwapo, hakuna mwanamke anayeweza kufa.

Mwaka uliofuata uhuru mama alishika mimba yake ya mwisho. Alikunywa maji mpaka mtungi ukakauka, na bado akatafuta mengine. Mama Halima, mke wa mwenye duka mjini Busia, alikuwa akitibiwa sukari. Siku ya soko alimtazama mama akashtuka.

"Mama Nafula, hii kiu naijua. Nenda wapime mkojo."

Baba alikwisha kuandaa baiskeli ya kumbeba. Ukasimama katikati ya njia, ukashika usukani.

"Sukari ni ugonjwa ya Wahindi na watu wa duka. Sisi watu wa ugali ya muhogo na omena, hiyo sukari itatoka wapi?"

"Dada, wacha tu wampime."

"Wampime waseme nini? Ati sijui kazi yangu?"

Baba akarudisha baiskeli ndani. Nani angekuwa na ubavu wa kubishana nawe juu ya uzazi? Mtoto alikwama mabega, akatoka amekufa. Mama hakumaliza mwezi. Matangani wakasema Mama Halima ana jicho baya, nawe ukanyamaza. Mama Halima yuko hai mpaka leo, anatumia dawa zake.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna muhogo, nilikukuta nyuma ya ghala unakunywa maji kwa kujificha. Ulikuwa umekonda, kidole cha mguu umekifunga kitambaa, na kidonda kinanuka. Nilikusihi twende hospitali. Ukanivuta karibu.

"Nafula, wakinipata nayo, watajua mama yako alikufa na nini. Wacha nife na yangu."

Nililia njia nzima nikirudi Malaba. Wewe uliyekuwa ukiwaambia wanawake wenye haya kwamba mficha uchi hazai! Nilikuwa tayari kukusamehe siku hiyohiyo, pale ghalani, lakini ulitaka jina lako la mkunga kuliko uhai wako. Nimekukasirikia na sijamaliza.

Sasa wanawake wa hapa wanalishika tumbo langu na kushangilia. Nikitaja hospitali, mama mkwe anacheka.

"Sisi Wateso hatuna hiyo kitu. Labda nyinyi Waluhya."

Na kwetu mlisema ni ya Wahindi. Kila kabila linamsukumia jirani, na huku wanawake wanazikwa kwa jina la uchawi.

Kesho asubuhi naenda kupimwa, mama mkwe atake asitake. Nikikutwa nayo, nitasema sokoni mchana kweupe, nitamtaja mama na nitakutaja wewe. Afadhali unikasirikie huko uliko kuliko mwanangu akue bila kunijua. Lakini naogopa, Senge. Tangu nianze kuandika nimekunywa maji mpaka tumbo linauma, na koo bado ni kavu. Mtoto amegeuka sasa hivi. Ni mzito sana.

Na pamoja na hasira yangu yote, saa ya uchungu ikifika, mikono nitakayoitaka ni yako.

Buriani,

mtoto wa kaka yako,
Nafula